Spika za Mbele na Ukuta wa Mita Tatu: Zilitoka Wapi, na Zikae Wapi



Orodha ya nyumba mpya huwa inajulikana: kitanda, kabati, makochi, zulia, mapazia, friji, televisheni. Ikishatajwa televisheni, bwana harusi huongeza neno moja tu: spika. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Ukuta ni mmoja, mlango uko hapa, dirisha liko pale, shoukesi aliyotoa mama imeshapangiwa nafasi yake, na yeye anataka spika mbili ndefu zisimame kulia na kushoto kwa televisheni, na nyingine ilale katikati. Bi harusi anauliza, hizo zote za nini? Anajibiwa kwamba hajui mambo ya sauti, na yanaishia hapo, au hayaishii.

Leo sitaandika bei za madukani wala majina ya kununua. Nataka tusimuliane spika hizi za mbele zilitoka wapi, na kwa nini ni tatu na si moja wala kumi. Ukijua zilikotoka utajua kipi katika hizo kinaweza kupunguzwa, kipi kinaweza kufichwa, na kipi ukikiondoa umeharibu kitu chote. Mwanamke anayeijua habari hii hashindwi kirahisi kwenye ukumbi wake mwenyewe.

Mdomo mmoja

Tuanze kwetu. Mwezi wa Machi 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, na wenzake walikwenda Bombay kurikodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Santuri zao zilirudi zikaenea mwambao mzima, na zilipigwa kwenye gramafoni za kuvuta kwa mkono. Gramafoni ina mdomo mmoja. Sauti inatoka kwenye pembe yake au kwenye tundu la kasha lake, na watu wanakaa kuizunguka, iwe ukumbini au barazani. Hakukuwa na mbele wala kushoto. Aliyekaa mlangoni alisikia kile kile alichosikia aliyekaa karibu, ila kwa udogo zaidi. Nyumba haikuhitaji kupangwa upya kwa ajili ya kifaa. Kifaa ndicho kilichotafutiwa mahali.

Redio ilikuja na desturi ile ile. Sauti ya Unguja ilipoanza kusikika mwanzoni mwa miaka ya 1950, redio iliwekwa juu ya kabati, ikatandikiwa kitambaa cha kudarizi, na mambo yakaisha. Naitaja habari hii kwa sababu mazoea yetu ya kukaa, kila mtu na upande wake wa ukuta, yanalingana na mdomo mmoja. Spika za mbele zilizaliwa kwingine, kwa watu waliokaa kwa safu wakitazama upande mmoja.

Sinema ya London

Mwaka 1931 kulikuwa na mhandisi kijana wa kampuni ya EMI, Alan Blumlein. Filamu zenye sauti zilikuwa bado mpya. Inasimuliwa kwamba alikwenda sinema na Doreen Lane, ambaye miaka miwili baadaye alimuoa, akakereka na jambo ambalo watazamaji wengine walilivumilia: mtu kwenye pazia anatembea kutoka upande hadi upande, lakini sauti yake imeganda mahali pamoja, kwenye spika moja. Alimwambia Doreen kwamba anayo njia ya kuifanya sauti imfuate mtu. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo alipeleka ombi la hataza, na ndani yake mna karibu misingi yote ya kile tunachokiita stirio. Alifariki 1942, umri wake miaka 38, katika ajali ya ndege iliyokuwa ikifanyia majaribio ya rada. Santuri za stirio hazikuingia madukani kwa wingi mpaka 1958, kwa hiyo hakuziona.

Alichokitegemea Blumlein ni masikio mawili. Spika mbili zikisema neno moja kwa nguvu sawa, na wewe umekaa katikati kabisa, akili inakuambia sauti inatoka baina yao, pale ambapo hakuna kitu. Ni kivuli cha sauti. Ni kizuri ajabu. Funga macho na utamsikia msomaji amekaa mbele yako. Lakini kina sharti gumu: ukae katikati. Ukisogea upande mmoja, kivuli kinakimbilia kwenye spika iliyo karibu nawe na kuselelea huko. Mwaka 1949 Mjerumani mmoja, Helmut Haas, alieleza sababu katika utafiti wake wa shahada: sikio huiamini sauti iliyofika mwanzo, hata kama imeitangulia nyingine kwa sehemu chache tu za elfu moja za sekunde. Kusogea nusu mita kwenye kochi kunatosha.

Wale wa Bell Laboratories, Marekani, walikuwa wamelikabili tatizo hilo hilo mapema zaidi kwa njia ya hadhara kubwa. Tarehe 27 Aprili 1933 bendi kubwa ya Philadelphia ilipiga katika mji wake, na sauti ikapelekwa kwa nyaya za simu hadi ukumbi wa Constitution Hall mjini Washington. Huko jukwaa lilikuwa tupu, hakuna mpigaji hata mmoja. Leopold Stokowski, kiongozi wa bendi hiyo, alikaa Washington akiongoza vifungo vya sauti badala ya wapigaji wake. Nadharia ya wahandisi ilisema kwamba kuinakili sauti ya jukwaa kunahitaji ukuta mzima wa maikrofoni na ukuta mzima wa spika. Walipojaribu waliona tatu zinatosha: kushoto, katikati, kulia. Mbili hazikutosha, maana hadhira ni watu wengi na katikati anakaa mtu mmoja. Spika ya tatu haikuwekwa kwa ajili ya fahari. Iliwekwa kwa ajili ya wale waliokaa pembeni.

Naomba uishike hiyo kwa mkono, tutairudia. Disney walipotoa filamu ya Fantasia mwaka 1940 walitumia chaneli tatu za mbele kwa sababu hiyo hiyo, na majumba ya sinema yaliyokuja baadaye hayakuiacha.

Kasha kubwa kama friji

Sasa tuingie majumbani, maana sinema ina nafasi na sebule haina. Spika ya kisasa, ile yenye koni inayosukumwa na koili ndani ya sumaku, ilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric mwaka 1925. Ina tabia moja ya kuudhi: koni ikisukuma hewa mbele inavuta hewa nyuma, na mawimbi hayo mawili yakikutana yanauana, khasa yale ya sauti nzito. Ndiyo maana spika lazima ifungwe ndani ya kasha. Na kwa miaka mingi, aliyetaka besi safi alilazimika kuwa na kasha kubwa, kubwa kama friji, na kwa stirio ni mafriji mawili.

Palikuwa na werevu waliotafuta hila. Paul Klipsch wa mji wa Hope, Arkansas, alitengeneza spika inayokaa kwenye pembe ya chumba, akaifanya pembe yenyewe kuwa sehemu ya chombo. Kuta mbili na sakafu zinamalizia kazi aliyoianza yeye. Kampuni yake ilianza 1946. Wazo zuri, lakini pembe mbili za chumba kipana ziko mbali mno na katikati panabaki shimo. Kwa hiyo mwaka 1957 akatoa kasha dogo la kuweka katikati, kuziba shimo hilo. Alikuwa ameshajulikana kwa kushikilia kwamba spika ikae pembeni, na inasimuliwa kwamba mtu alimwambia spika isiyokaa pembeni ni uasi. Akaliita kasha lile Heresy, yaani uzushi. Jina hilo linauzwa mpaka leo.

Lakini aliyegeuza sebule ni Edgar Villchur, mwalimu wa New York. Watengenezaji wote walitumia koni iliyokazwa kwa ukingo mgumu ili irudi mahali pake baada ya kusukumwa. Yeye akasema, ukingo na uwe laini kabisa, kasha na lifungwe lisipitishe hewa, na hewa iliyofungiwa ndani ndiyo itakayokuwa springi. Hewa ni springi nzuri kuliko karatasi iliyokunjwa. Alipotaka kufanya jaribio la kwanza alikata ukingo mgumu wa spika aliyokuwa nayo, na mkewe Rosemary, aliyewahi kufanya kazi ya kuchora ramani za kiufundi wakati wa vita, akamchorea patani ya ukingo mpya. Wakaukata kwenye kitambaa cha magodoro. Nyinyi mnaokata patani za magauni mtaelewa kazi iliyokuwepo hapo: kitambaa bapa kikae kwenye duara, kisivute popote, kisilegee popote. Villchur akishirikiana na mwanafunzi wake Henry Kloss walianzisha kampuni ya Acoustic Research, na mwaka 1954 wakatoa kasha la AR-1, ambalo lilikaa kwenye rafu ya vitabu na kutoa besi iliyoyashinda makasha makubwa.

Mimi kila nikisoma habari za vifaa hivi naona jina la Villchur limeandikwa kwa wino mnene na la Rosemary limewekwa mwishoni mwa sentensi. Tuendelee.

Nani mwenye sebule

Ule mtindo wa spika kubwa Marekani ulikuwa mtindo wa wanaume. Majarida ya miaka ya 1950 na kuendelea yalimzungumza mke kama kizuizi: mume anataka makasha, mke anataka nafasi ya kochi. Mwaka 1983 mwandishi Larry Greenhill wa jarida la Stereophile aliandika msemo ambao ulienea duniani kote, akisema ameupata kwa mwanamuziki Lewis Lipnick: kipimo cha kukubalika na mke. Maana yake, spika inaweza kuwa nzuri kiasi gani, lakini je, mke ataikubali iingie? Waliandika kwa mzaha, na mzaha huo umebaki mpaka sasa kwa wauzaji.

Rai yangu ni kwamba mzaha ule ulificha ukweli. Mke aliyekataa mafriji mawili sebuleni hakuwa adui wa sauti. Alikuwa anataja sharti la chumba: watoto wanapita hapa, wageni wanakaa hapa, mlango unafunguka hivi. Na karibu kila hatua nzuri katika historia hii ilitokana na mtu kulikubali sharti hilo badala ya kulilalamikia. Aliyekuwa akifurahia spika zile kubwa alikuwa mtu mmoja, kwenye kiti kimoja, katikati. Wengine wote nyumbani walikuwa wakisikia mlio.

Televisheni inaleta ya tatu

Kwetu televisheni ilitangulia. Zanzibar ilianza kurusha ya rangi mapema miaka ya 1970, na Tanzania Bara ilisubiri vituo vyake mpaka 1994. Hata hivyo televisheni ile nene ilikuwa na mdomo wake mwenyewe, na deki za kanda za video zilipoingia watu waliridhika nao.

Huko nje, filamu ya Star Wars ya 1977 iliyafanya majumba ya sinema yakimbilie mfumo wa Dolby Stereo, wenye chaneli tatu za mbele na moja ya kuzunguka. Mwaka 1982 mfumo huo ulipunguzwa ukaingia majumbani, ila bila spika ya katikati. Mwaka 1987 ukaja Pro Logic na ya katikati ikarudi, kwa ile ile sababu ya Washington: familia ikikaa kochi zima, maneno yaliyotakiwa kutoka kinywani mwa mtu kwenye kioo yalikuwa yanatoka pembeni. Katika filamu, karibu mazungumzo yote hupelekwa kwenye spika ya katikati. Kushoto na kulia hubeba muziki, upepo, gari linalopita. Kisha 1992 sinema zikaanza sauti ya kidijitali ya chaneli tano na ya besi peke yake, na DVD, iliyoanza Japani 1996, ikaibeba mpaka nyumbani. Homu thieta zile za kasha moja lenye spika tano ndogo zilizagaa baada ya hapo.

Na besi ilipewa chombo chake. Jambo hili ndilo ukombozi wa sebule ndogo, na wengi hawalijui. Sikio halitambui vizuri sauti nzito sana inatoka upande gani. Tomlinson Holman, aliyebuni mfumo wa THX kule Lucasfilm, aliweka mpaka kwenye hezi 80: chini ya hapo, mpe sabufa, juu ya hapo, wape spika za mbele. Kwa kuwa besi haina mwelekeo, sabufa inaweza kukaa nyuma ya kochi au pembeni mwa kabati, na spika za mbele zikaruhusiwa kuwa ndogo. Kwetu siku hizi neno sabufa limekuwa jina la seti nzima, mtu anasema nimenunua sabufa na maana yake ni kasha na spika zake zote. Si vibaya, ila dukani uliza: sabufa peke yake, au seti?

Baadaye zikaja saundi baa, ile fimbo ndefu inayolala chini ya televisheni. Altec Lansing walitoa moja mwaka 1998, na televisheni zilipokuwa nyembamba hata spika zao za ndani zikakosa pumzi, saundi baa zikawa za lazima. Kwa hesabu fulani tumerudi kwenye gramafoni: mdomo mmoja, mahali pamoja.

Vyumba vyetu na boriti zetu

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe na chokaa, kuta nene za karibu nusu mita na zaidi, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti haivuki mbali. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake mita mbili na nusu hadi tatu, urefu upendavyo. Nyumba za kale za Lamu ni vivyo hivyo, na za kwao zina zidaka ukutani. Waliopanga vyumba hivi walikuwa wakihesabu mti, na sisi tunarithi hesabu yao.

Kipimo kinachopendekezwa kwa spika za kushoto na kulia ni pembetatu yenye pande sawa: umbali baina ya spika mbili uwe sawa na umbali wa kutoka kwako hadi kila moja. Ukiweka televisheni kwenye ukuta mfupi wa mita tatu, ukaacha kidogo pembeni, spika zinaachana mita mbili na kitu. Basi kochi la kutazamia likae mita mbili hadi mbili na nusu kutoka hapo. Wengi hulisukuma mpaka ukuta wa mwisho, mita sita, halafu wanalalamika kwamba spika kubwa zingesaidia. Zisingesaidia. Kwa mbali vile kushoto na kulia zinaungana zikawa moja, na unachosikia zaidi ni mwangwi wa kuta. Ukiweka televisheni kwenye ukuta mrefu nafasi ya kuachanisha ipo, lakini kichwa chako kinagusa ukuta wa nyuma, na ukutani besi huvimba. Mimi kwa chumba chembamba nachagua ukuta mfupi na kulileta kochi karibu, nyuma yake pakabaki pa kupita au meza ya chakula.

Tatizo la pili ni ukuta wenyewe. Roy Allison, aliyekuwa Acoustic Research, alipeleka vipimo kwenye sebule za kawaida za watu badala ya maabara, na mwaka 1974 akafungua kampuni yake ya spika zilizoundwa makusudi kukaa kwenye ukuta. Alichokionyesha ni kwamba spika na ukuta ni chombo kimoja. Sauti nzito inayokwenda nyuma hugonga ukuta ikarudi. Spika ikiwa imebandana na ukuta, marejeo yanaungana na sauti ya mbele na besi inaongezeka. Ikiwa mbali na ukuta kiasi cha sentimita sitini, marejeo yanafika yamepishana na sauti ya mbele na kuila mahali fulani karibu na hezi 140, na hapo ndipo kilipo kifua cha sauti ya mwanamume anayesoma Qur'ani. Utasikia usomaji umekuwa mwembamba na hutajua kwa nini.

Kwa hiyo nusunusu ndiyo mbaya. Bi harusi anayetaka spika zibandane na ukuta ili watoto wapite ana haki, na fizikia iko upande wake, ila mbili tatu zizingatiwe. Chagua kasha lililofungwa au lenye tundu mbele. Lenye tundu nyuma likibanwa ukutani linavuma kama pipa, na likiwa tayari limeshanunuliwa, ziba tundu kwa soksi. Nasema kweli, soksi. Pia epuka pembe: kila uso, yaani ukuta, ukuta wa pili na sakafu, unaongeza besi yake, na zikikutana tatu sauti ya binadamu inamezwa. Kwenye kidaka au ndani ya rafu ya shoukesi spika ndogo inakubali kukaa, lakini uso wake uwe sawa na ukingo wa rafu au utokeze kidogo. Ukiisukuma ndani, kuta za rafu zinakuwa pango.

Kutundika ni jambo jingine. Ukuta wa chokaa na mawe hupukutika, msumari mfupi utang'oka na spika, na majengo ya hifadhi yana taratibu zake za kutoboa. Stendi nyembamba yenye kitako kizito ni salama zaidi kuliko kumwamini fundi aliyezoea matofali. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ikae usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Waliozoea kukaa chini kwenye busati wasipimie kwa kochi.

Ile ya katikati

Sasa tuirudie ile niliyokuombeni muishike. Wakati nafasi ni ndogo, cha kwanza kinachokatwa ni spika ya katikati, kwa kuwa mbili zinapendeza zaidi kwa macho. Kwa wanaokaa wawili, mke na mume, katikati ya kochi moja, mbili zinatosha na tena ni nzuri kuliko tatu za hovyo. Kivuli cha Blumlein kitafanya kazi yake. Lakini nyumba zetu zinapokea watu. Mama mkwe anakaa kwenye kochi la pembeni, wifi mlangoni, watoto chini. Hao wote kivuli hakiwafikii. Wanasikia spika moja tu iliyo karibu. Ikiwa ndivyo mnavyoishi, kata kwingine, ya katikati ibaki.

Halafu kuna mtego. Spika nyingi za katikati zimetengenezwa kwa kulazwa, twita katikati na koni mbili kulia na kushoto, zipate kuingia chini ya televisheni. Mpangilio huo unajulikana kwa jina la Joseph D'Appolito, aliyeueleza 1983, na yeye aliukusudia usimame wima. Ukilazwa, koni mbili zinakuwa mbali na mtu wa pembeni kwa vipimo tofauti, sauti zao zinapishana na sehemu ya maneno inapotea, kwa yule yule wa pembeni ambaye spika iliwekwa kwa ajili yake. Kama nafasi chini ya televisheni ni fupi, tafuta ndogo yenye koni moja na twita yake, au ile yenye twita ndani ya kitovu cha koni, kama KEF walivyoanza kutengeneza 1988. Na zote tatu za mbele ziwe za ukoo mmoja, la sivyo mtu akitembea kwenye kioo sauti yake itabadilika kama aliyebadilishwa koo.

Wanaoishi kwenye majumba ya ghorofa kama ya Michenzani wana hesabu moja zaidi, ya jirani. Zege hupitisha sauti nzito kuliko inavyopitisha maneno. Aliye chini yako hasikii filamu, anasikia ngoma tu, usiku wa manane, na anashindwa hata kujua inahusu nini. Sabufa isikae moja kwa moja sakafuni. Iwekee kipande cha godoro gumu au mpira, na punguza kifungo chake kabla ya kupunguza sauti yote. Katika seti nyingi za dukani sabufa huja imepandishwa kupita kiasi ili ivutie mnunuzi.

Siku ya kwenda dukani usikubali kuonyeshwa kwa miripuko na magari. Nenda na simu yenye usomaji wa msomaji unayemjua vizuri, ambaye ukimsikia kokote unajua ni yeye, na kipande cha mazungumzo ya watu wawili. Mwambie muuzaji apandishe mpaka kiasi cha kawaida cha nyumbani, asizidishe. Sikiliza ukiwa katikati, kisha hama, ukasimame pale atakapokaa mama mkwe.